Kabla ya kung'oa mazabodi

"Hiyo mazabodi ni ya 2017, kaka. Ukiniuliza mimi, toa kila kitu, tukufungie seti mpya."

Kijana wa duka alisema hivyo bila kuiona kompyuta yangu, maana sikwenda nayo. Mazabodi ni ule ubao mkuu unaochomekewa vipuri vingine vyote. Nilikuwa nimeingia pale, hatua chache kutoka Mnara wa Saa wa Arusha, kuulizia feni ya kasha tu. Nilipomwambia gemu zinanikwamia na prosesa yangu, yaani ubongo wa kompyuta, ni Ryzen 5 1600, akavuta kikokotoo: mazabodi ya AM5 (soketi mpya, yaani tundu prosesa inapokaa), prosesa ya Ryzen 5 7600, RAM ya kizazi kipya, DDR5, GB 32, juu yake pawasapulai mpya. Jumla ikapita milioni mbili. Ilikuwa Desemba 2025, wazazi tunapiga hesabu za ada za Januari.

Nikapanda haisi ya Sakina na ile karatasi mkononi. Sikumkasirikia, ndiyo kazi yake kuuza. Lakini njia nzima nilikuwa najiuliza: hivi kweli tatizo langu ni mazabodi? Au ni prosesa peke yake? Na kama ni prosesa, nani amesema haiwezi kutoka ikaingia nyingine palepale ilipokaa?

Kompyuta hii sikuinunua kwa mkupuo. Mazabodi, ya aina ya B350, na hiyo prosesa nilizipata kwa mwanafunzi aliyekuwa anamaliza chuo na kufungasha vitu vyake. RAM nilianza na kipande kimoja cha GB 8, cha pili kikaja mwaka uliofuata. Kadi ya grafiki, RX 6600, ililetwa kutoka Nairobi na rafiki anayepita Namanga kila wiki, kwa hela niliyopokea zamu yangu ya mchezo wa kupeana hela ilipofika. Wengi wetu huku tunajenga hivyo, kipande kwa kipande, na kila kipande tunakumbuka kiliacha kitu gani kisinunuliwe. Kwa hiyo mtu akisema "toa kila kitu", anazungumzia miaka kadhaa ya akiba.

Jumamosi usiku huwa nacheza Counter-Strike 2 na mdogo wangu aliyeko Moshi. Mzunguko ukianza mambo ni laini. Moshi wa mabomu ukirushwa na watu kumi wakikutana sehemu moja, picha inakatika, inaruka, na ikirudi mimi nimeshakufa. Kwenye Euro Truck Simulator 2 barabara kuu inakwenda vizuri, nikiingia mjini usukani unakuwa mzito kama lori halina pawasteringi. Muda mrefu nililaumu kadi ya grafiki, kwa sababu kadi ndiyo kitu cha kwanza ambacho kila mtu hulaumu.

Jumapili moja nikaamua kupima. Nikafungua MSI Afterburner, nikaweka namba zionekane pembeni ya kioo wakati nacheza. Kadi ilikuwa inafanya kazi asilimia 50 hadi 60. Yaani karibu nusu ya nguvu niliyoilipia imekaa tu, inasubiri. Nikashusha rezolusheni kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720. Kama kadi ndiyo iliyoelemewa, kuipunguzia kazi hivyo kungepandisha idadi ya fremu, yaani picha, kwa sekunde. Haikupanda. Nikarudia ramani ileile mara tatu, matokeo yaleyale: wastani wa fremu 92, na kwenye vurugu zinashuka hadi 41. Kipimo hiki hakina gharama yoyote, na ningependa kila anayefikiria kununua kipuri akifanye kabla hajatoa hata shilingi.

Kuna sehemu moja inayopotosha watu wengi. Ukiangalia matumizi ya prosesa kwa ujumla, unaweza kuona asilimia 55 ukadhani imepumzika. Ryzen 5 1600 ina viini 6 na nyuzi 12, yaani kama wafanyakazi 12. Gemu nyingi zinamtwisha mzigo mkubwa mfanyakazi mmoja au wawili, waliobaki wanasaidia kidogo. Ukifungua grafu ya kila uzi peke yake, unamkuta mmoja amegonga asilimia 100 huku wenzake bado wana nafasi. Mzigo wote unasubiri huyo mmoja amalize.

Kwa nini 1600 inachoka mapema hivyo wakati viini inavyo? Nilipoelewa jibu lake ndipo uamuzi wote ulipokaa sawa, kwa hiyo nitalieleza taratibu.

Chukulia shughuli ya harusi. Una wapishi sita, lakini umewagawa kwenye majiko mawili, watatu huku na watatu kule, katikati kuna uwanja. Kila jiko lina kabati lake dogo la viungo. Mpishi wa jiko la kwanza akitaka iliki iliyoko jiko la pili, avuke uwanja, achukue, arudi. Na kisichokuwepo kwenye kabati lolote kinafuatwa sokoni. Ndivyo 1600 ilivyopangwa ndani: viini vitatu na vitatu, kila upande na kumbukumbu yake ya L3 ya MB 8. Soko ni RAM. Gemu ni mapishi ya kukimbizana, kila sekunde mtu anahitaji kiungo alichonacho mwenzake, kwa hiyo muda mwingi unaishia njiani.

Kizazi cha Zen 3, kilichoingia sokoni Novemba 2020, kilibomoa ukuta. Ryzen 5 5600, iliyotoka Aprili 2022, ina wapishi walewale sita, lakini wote wako jiko moja lenye kabati moja la MB 32. Na mikono yao ni myepesi zaidi: kasi inafika GHz 4.4, wakati 1600 inaishia 3.6. Umeme ni uleule, wati 65.

Kwenye vizazi hivi vya Ryzen, mwendo wa kuvuka ule uwanja unafuata mwendo wa RAM. RAM ikiwa ya polepole, wapishi wanatembea badala ya kukimbia. Nikaenda kuangalia RAM yangu. Imeandikwa 3200 kwenye kibandiko. Kompyuta ilikuwa inaiendesha kwa 2133.

Miaka yote hiyo! Hakuna kilichoharibika, ni mpangilio tu ambao hakuna aliyewahi kuuwasha. Ukinunua RAM ya 3200 na kuichomeka, mazabodi huanza na mwendo wa chini wa usalama hadi uingie kwenye BIOS, ile programu ndogo ya ndani ya mazabodi inayoiamsha kompyuta, uchague ule mpangilio unaoitwa XMP, ambao kwenye baadhi ya mazabodi za AMD huandikwa DOCP. Nikauwasha. Kompyuta ikagoma kuwaka. Ikajaribu mara tatu, ikarudi yenyewe kwenye 2133. Hii nayo ina sababu: prosesa za kizazi cha kwanza cha Ryzen hazikuahidiwa zaidi ya 2667, na nyingi zinakataa 3200. Nikaweka 2933, ikakubali. Wastani ukatoka 92 ukafika 104, na chini kabisa ikawa 55 badala ya 41. Nilipata hayo bila kununua kitu.

Sasa likaja swali lenyewe. Prosesa inahitaji kubadilishwa, hilo limeshajulikana. Je, mazabodi itakubali mpya?

Soketi ya mazabodi yangu, AM4, ilianza 2016, na Ryzen za kwanza zikaingia humo 2017. Ryzen 5000 zilipotoka (5600 ni mojawapo), AMD, watengenezaji wa Ryzen, walisema mazabodi za mwanzo, zile za X370 na B350, hazitazipokea. Wenye mazabodi kama yangu wakahesabu wameachwa. Halafu mwaka 2022 msimamo ukabadilika, watengenezaji wakaruhusiwa kutoa BIOS zinazokubali 5000 hata kwenye hizo za zamani. Ndiyo maana sehemu nyingi bado utasikia "B350 haiwezi". Anayesema hivyo hadanganyi, anakumbuka habari ya 2020. Kinachotakiwa ni kusoma jina kamili la mazabodi yako, lililochapwa kwenye ubao wenyewe, ukaingia kwenye tovuti ya mtengenezaji na kutafuta orodha ya prosesa inazokubali. Yangu ilikuwemo. Mbele ya Ryzen 5 5600 kuna namba ya toleo la BIOS. Ile niliyokuwa nayo ilikuwa ya 2018.

Nilifikiria pia Ryzen 7 5700X3D, ambayo ina L3 ya MB 96 na kwa gemu ni mnyama. Nikaiacha kwa sababu ya mazabodi. Yangu ni ya bei ya chini, sehemu inayolisha prosesa umeme haina hata kipande cha alumini cha kupoza, na ile prosesa ni ya wati 105. Inaweza kuwaka, lakini sitaki kifaa kinachonikosesha amani kila Februari jua linapokuwa kali. Ya wati 65 inafanana na mzigo ambao mazabodi hii imeubeba miaka yote.

Kuna hoja nyingine niliyopewa ya kubadilisha mazabodi: kwamba B350 inatumia PCIe 3.0, njia ya data kati ya kadi na mazabodi, wakati kadi yangu ni ya 4.0, tena inatumia njia 8 tu badala ya 16. Ni kweli. Lakini kwa RX 6600, yenye kumbukumbu yake ya GB 8, hasara yake kwenye gemu nyingi ni ndogo, fremu chache kati ya mia. Sitatoa milioni mbili kuzifuata fremu hizo.

Na bei ya RAM iliniongezea uhakika. Mwishoni mwa 2025 RAM ilipanda dunia nzima, viwanda vilipokimbilia kutengeneza za seva za AI (akili bandia). AM5 haipokei kabisa DDR4, aina ya RAM yangu, kwa hiyo kuhamia huko ni kuitupa RAM niliyonayo na kununua nyingine wakati mbaya kuliko wakati wowote. Upande wa pili, Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Ryzen 1600 haimo kwenye orodha ya Windows 11. 5600 imo. Kubaki nilipokuwa hakukuwa salama.

Kwa hiyo prosesa tu.

Nilimpata muuzaji Kariakoo mwenye 5600 iliyotumika, shilingi 265,000. Kabla ya kutuma hela niliomba kitu kimoja: picha ya chini yake. Kwenye AM4 miguu iko kwenye prosesa yenyewe, 1,331, myembamba sana. Kwenye AM5 na kwenye Intel za sasa iko kwenye soketi. Kwa hiyo ukinunua AM4 ya mtumba, picha ya juu yenye maandishi haikusaidii. Alinitumia picha tatu na video akiigeuza polepole chini ya taa. Mistari yote ilikuwa imenyooka. Ikasafiri kwa basi la usiku, asubuhi nikaifuata stendi, imelala kwenye kiboksi chake cha plastiki.

Kilichonitia hofu ni BIOS. Mazabodi inatakiwa ifundishwe kuijua prosesa mpya wakati ya zamani bado imekaa ndani. Wengi wanaruka hatua hii, wanafunga mpya, kioo kinabaki cheusi, wanaamua wameuziwa mbovu. Na wakati BIOS inaandikwa umeme ukikatika, mazabodi inaweza isiwake tena hadi umpate fundi mwenye kifaa cha kuiandika chipu moja kwa moja. Kwa umeme wetu, hilo ni jambo la kukaa chini na kulipanga.

Nikaazima UPS, betri ya kushikilia umeme ukikatika, kwenye duka la stesheneri la mke wangu. Sikuiamini hivihivi. Nikaichomekea taa na feni ya mezani, nikachomoa waya ukutani, nikakaa nayo na saa. Dakika 11. Kuandika BIOS hakufiki hata tano. Jumamosi niliyopanga, umeme ukakatika saa tatu asubuhi, ukarudi mchana. Nikaahirisha. Jumapili, watu wakiwa ibadani, nikachomeka flashi niliyoiformati FAT32, nikaingia kwenye BIOS yenyewe. Kwa mazabodi yangu kulikuwa na toleo la katikati la kupitia kwanza kabla ya la mwisho, na maelezo yalikuwa kwenye ukurasa uleule wa kupakulia, kwa maandishi madogo. Toleo la kwanza, mstari ukatembea hadi asilimia 100, ikazima, ikawaka. La pili hivyohivyo. Mke wangu alisimama mlangoni muda wote, ameshika mkoba, hakuuliza kitu. Ilipowaka mara ya pili akasema, "Haya, UPS yangu kesho saa mbili iwe dukani."

Kuna onyo moja hapa. Kwenye baadhi ya mazabodi, chipu ya BIOS ni ndogo, ya MB 16, na ili kuingiza prosesa mpya watengenezaji walifuta baadhi ya za zamani. Soma kama ya kwako inabaki kwenye orodha kabla hujabonyeza.

Kung'oa kipozeo ni kazi ya subira. Pesti ya miaka saba, ule ute unaopeleka joto la prosesa kwenye kipozeo, hukauka ikawa kama gundi, na kwenye AM4 prosesa haijabanwa kwa juu. Ukivuta kipozeo kwa nguvu inaweza kutoka nayo, miguu ikapinda. Nilicheza gemu dakika 20 kwanza ili ipate moto na pesti ilainike, nikazima, nikachomoa waya. Nikalegeza skrubu nne kwa kupishana. Halafu badala ya kuvuta juu, nikakizungusha kipozeo kushoto na kulia, kidogokidogo, kama unavyofungua kifuniko cha chupa ya asali iliyoganda. Kwanza hakikwenda. Kisha nikasikia kinateleza, ute ukaachia, kikatoka chenyewe bila prosesa. Nikainua mkono wa soketi, nikaitoa 1600 kwa vidole viwili, nikaifuta kwa spiriti ya duka la dawa hadi maandishi yake yakasomeka. Ile mpya ina pembetatu ndogo ya dhahabu kwenye kona, na soketi ina pembetatu yake. Zikikutana, prosesa inazama yenyewe kwa uzito wake. Ukihisi unataka kuisukuma, simama, kuna kitu hakijakaa sawa. Pesti punje moja ya harage, katikati.

Nikawasha. Kioo cheusi, maandishi meupe: prosesa mpya imewekwa, data ya fTPM haisomeki, bonyeza Y kuifuta au N kuiacha. Moyo ulishtuka, lakini hili nalo ni la kawaida kwenye AMD. fTPM inatunza funguo za usalama na imefungamana na prosesa. Kama diski yako imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows, hakikisha una ule ufunguo wa kuifungulia kabla hujaanza kazi yote hii, vinginevyo mafaili yako yanaweza kubaki yamefungwa. Yangu haikuwa imefungwa. Nikabonyeza Y.

RAM ikakubali 3200 mara ya kwanza. Ramani ileile, mipangilio ileile: wastani 187, chini kabisa 98. Kadi iliyokuwa inasinzia kwenye asilimia 50 sasa iko juu ya 90.

Mdogo wangu alipoona namba akataka na yeye anunue prosesa tu. Yeye ana Core i5-7400, viini vinne na nyuzi nne. "Kaka, kuna mtu hapa Mbuyuni ana i7-7700. Nichukue?"

Nikamkatalia. Mazabodi yake imefika mwisho. Hiyo 7700 ndiyo karibu ya juu kabisa inayoweza kuingia pale, na hata kizazi cha nane cha Intel, ambacho soketi yake nayo inaitwa LGA 1151, hakiingii kwenye mazabodi za kizazi cha sita na cha saba. Angetoa hela nyingi kwa viini vinne vilevile vyenye nyuzi nane, na bado asiwemo kwenye orodha ya Windows 11. Kwake yeye mazabodi ndiyo ya kung'oa. Bahati nzuri RAM yake ni DDR4, inahama nayo.

Nikamwambia atafute mazabodi ya AM4 ya mtumba, B450, nami nitampa 1600 yangu aanze nayo, hadi apate hela ya 5600. Alikuwa ameona B550 nzuri kwa bei ileile, nikamzuia: B550 haipokei Ryzen za kizazi cha kwanza. Alipata B450 baada ya wiki mbili. Nikailaza 1600 kwenye kile kiboksi cha plastiki ilichokuja nacho nduguye, nikaifunga kwenye soksi ya mtoto, nikampa dereva wa Coaster ya Moshi mkononi.

Saa mbili usiku simu ikaita.

"Kaka, kuna maandishi meupe hapa. Anasema fTPM. Nibonyeze Y?"

"Diski yako ina BitLocker?"

"Haina."

"Bonyeza, dogo."